Ukurasa Tunaouruka

Kuna watu wawili ambao nimechoka kuwasikia wakiongea kuhusu punyeto. Wa kwanza ni yule mzee wa kanisa, au mwalimu wa ushauri nasaha, anayesema ati mababu zetu hawakuwa na mambo haya, yameletwa na simu. Wa pili ni kijana mwenzangu wa mtandaoni, mwenye bando na usiku mrefu, anayesema ati Waafrika wa kale walikuwa huru kabisa, na aibu yote tuliletewa na mzungu aliyekuja na Biblia. Hawa wawili hawapatani kwa lolote. Lakini wote wanaiita zamani iwe shahidi wao, na wote hawajaisoma.

Mimi nimejaribu kuisoma. Si yote. Nimesoma vitabu vichache ambavyo mtu wa Kisii au Nyamira anaweza kuvipata akitafuta, na nataka tuvipitie hapa kwa kukiuliza kila kimoja: nani anaongea, anamwangalia nani, na nani hajapewa nafasi ya kusema. Jibu lililonishtua halikutoka Misri wala Ugiriki. Lilitoka kwa Jomo Kenyatta.

Lakini tuanzie mbali, juu ndiko kijana wa mtandaoni anakopenda kuanzia. Maandishi ya Piramidi, yaliyochongwa kwenye kuta za makaburi ya wafalme wa Misri takriban miaka 4,300 iliyopita, yanasimulia jinsi mungu Atum, akiwa peke yake kabisa, alivyowaleta duniani mapacha Shu na Tefnut kwa mkono wake mwenyewe. Yanalisema wazi, bila kicheko na bila kuomba radhi. Baadaye, huko Thebes, wanawake wenye cheo kikubwa cha ukuhani walibeba jina la heshima la "Mkono wa Mungu". Hiyo ni kweli, na ukiiweka mtandaoni utapata likes zako.

Sasa isome tena polepole. Hadithi ya Atum inajibu swali gumu la uumbaji: dunia itaanzaje ikiwa kuna mmoja tu na hana mwenzake? Haituambii mkulima wa kando ya mto Nile alifanya nini, wala mamake alimwambia nini. Kumtumia Atum kuthibitisha kwamba Wamisri walikuwa huru ni kama kutumia ubavu wa Adamu kuthibitisha kwamba watu wa zamani walizaliwa kwa upasuaji.

Wagiriki wanatusaidia zaidi, kwa sababu wanatuachia kicheko. Mwanafalsafa Diogenes wa Sinope, karne ya 4 kabla ya Kristo, alikuwa akijichua sokoni mchana kweupe. Alipolaumiwa, akasema laiti njaa nayo ingeisha kwa kusugua tumbo. Kisa hiki kimehifadhiwa na Diogenes Laertius, aliyeandika karne nyingi baadaye, na watu wanapenda kukitaja kama ushahidi kwamba Wagiriki hawakuwa na noma. Kumbe ni kinyume. Utani huo unachekesha kwa sababu kila mtu Athens alijua kwamba soko si mahali pa jambo hilo. Fikiria mtu afanye hivyo Daraja Mbili siku ya soko, katikati ya ndizi na viatu vya mitumba. Lakini angalia pia kile ambacho hakimo kwenye kisa. Diogenes anaambiwa hana adabu. Hakuna anayemwambia kwamba atakuwa kipofu, au uti wa mgongo utakauka, au atachomwa moto wa milele. Karne ya 1 baada ya Kristo, mshairi Martial wa Roma anamcheka mwanamume mmoja kwa sababu kile anachokimwaga mkononi kingekuwa mtoto. Hiyo ni kejeli na hesabu ya uzazi. Wa kale hawa walikuwa na aibu, walikuwa na dharau. Hofu ya ugonjwa na adhabu, ile tuliyolelewa nayo sisi, huioni kwao.

Hofu ina tarehe, na ina safari. Kwanza lazima tumtoe Onani gerezani, maana amefungwa kwa kosa lisilo lake. Soma Mwanzo 38. Er anakufa bila mtoto. Baba yao, Yuda, anamwambia Onani aingie kwa Tamari, mjane wa ndugu yake, amzalie marehemu uzao. Onani anajua mtoto hatahesabiwa wake. Kwa hiyo kila akiingia kwa Tamari anamwaga chini. Anakula utamu na kukwepa wajibu. Mtu wa London anaweza kuhitaji wasomi wa kumweleza kosa liko wapi. Mgusii hahitaji. Kwetu, kwa desturi ya zamani, mjane alibaki kwenye boma la mumewe, akaingiliwa na ndugu wa ukoo, na watoto wakahesabiwa wa yule aliyekufa. Magokoro yeyote wa Keroka angeisoma hiyo sura akakuambia mara moja: huyu kijana amemwibia ndugu yake, na amemdhulumu mjane. Hapo hakuna punyeto. Kuna shamba, jina la marehemu na mwanamke aliyetumiwa.

Jina la Onani lilibandikwa punyeto rasmi huko London miaka ya 1710, kwenye kijitabu kilichoitwa Onania. Mwandishi hakuweka jina lake, ila hakusahau kuuza dawa ya kutibu madhara aliyoyaorodhesha. Mwanahistoria Thomas Laqueur, kwenye kitabu chake Solitary Sex cha 2003, anasema hofu ya kisasa inaanzia hapo, na namkubali. Mwaka 1760, daktari Tissot wa Lausanne, Uswisi, akaivalisha hofu hiyo koti jeupe: macho, mishipa ya fahamu, kumbukumbu, vyote vinaharibika. Madaktari wakubwa wakamwamini. Ikavuka bahari hadi Marekani. Mwaka 1864, Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa Kanisa la Waadventista Wasabato, akatoa kijitabu cha kuwaonya akina mama kwamba tabia hii ndiyo inayowaharibu watoto mwili, akili na maadili. Na miaka ya 1910, Wasabato wakafika Nyanchwa, Wakatoliki wakiwa Nyabururu, na Gusii ikaanza kusoma.

Sisemi haya ili kuwatukana Wasabato. Wamenilea, wamenilisha, na mimi bado husikia raha Jumamosi asubuhi mji wa Kisii unapotulia. Ellen White aliandika kile ambacho sayansi ya wakati wake ilikiamini. Ninachosema ni kwamba tukiwa kidato cha pili, katika shule moja ya bweni Nyamira, alikuja mgeni akatuambia wasichana mia mbili kwamba jambo hilo linakula macho, linakula mishipa na linafuta kumbukumbu kabla ya mtihani. Wengine walilia. Mgeni alisema anatupa maadili ya Kiafrika. Alikuwa anatusomea Tissot.

Basi kijana wa mtandaoni ameshinda? Angependa. Hofu ni ya kuletwa, kwa hiyo ukiiondoa chini yake utakuta uhuru wetu wa asili. Hapa ndipo nataka tufungue Facing Mount Kenya.

Hiki kitabu cha 1938 kila mtu ana kipande chake anachokipenda. Wanasiasa wanapenda sura ya ardhi. Walimu wanapenda sura ya elimu. Kenyatta alikiandika akiwa mwanafunzi wa Malinowski pale London School of Economics, na ndani yake kuna sura kuhusu maisha ya mapenzi ya vijana wa Kikuyu. Katika sura hiyo kuna ukurasa ambao sijawahi kuona ukinukuliwa kwenye sherehe yoyote ya kitaifa. Anaeleza kwamba punyeto kwa mvulana, kabla ya jando, ilionekana kuwa jambo la kawaida na halali, aina ya maandalizi ya utu uzima, mradi wakubwa wasione. Baada ya jando aliiacha, kama anavyoacha michezo mingine ya utoto.

Mpaka hapo kijana wa mtandaoni anapiga picha ukurasa na kuuposti. Lakini aya haijaisha. Kwa msichana, Kenyatta anasema, ilikuwa kosa. Mama akimwona tu anajigusa, anamwonya palepale. Halafu anaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba hii labda ndiyo moja ya sababu za kukata kinembe: kuzuia msichana asikuze hisia mahali hapo.

Soma hiyo "labda" kama mkosoaji. Sura moja nyuma, kuhusu jando na unyago, Kenyatta ametetea tohara ya wasichana kwa nguvu zake zote. Ni miaka michache tu tangu 1929, vita vya wamishenari wa Kiskoti na Wakikuyu kuhusu jambo hilo vilipogawanya makanisa na kuzaa shule huru. Katika utetezi huo, tohara ni rika, ni elimu, ni historia, ni uti wa taifa. Kisu chenyewe anakichukulia kama sehemu ndogo tu ya jengo kubwa. Halafu akiwa kwenye mada nyingine, anaongea kuhusu wavulana na michezo yao, sababu ya kisu inamponyoka kwa sentensi moja. Nimeirudia hiyo sentensi mara nyingi. Kwangu ni sentensi kweli kuliko zote kwenye kitabu, na ameiandika kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Angalia pia jinsi alivyowapanga watu. Wavulana wako pamoja, wana kikundi chao, na jambo lao limepewa maana: ni maandalizi. Msichana yuko peke yake, na tunamwona kwa macho ya mamake tu. Hatujui anafikiria nini. Kenyatta ni mwandishi hodari, ana kejeli nzuri sana dhidi ya wakoloni, anajua kuwapa wazee wake heshima na mantiki. Huyo msichana hakumpa hata swali moja.

Na kabla mtu wa Ulaya hajatikisa kichwa, akumbushwe Isaac Baker Brown. Huyu alikuwa daktari mpasuaji wa London mwenye jina kubwa. Miaka ya 1860 aliwakata wanawake vinembe kwa sababu aliamini punyeto ndiyo iliyowaletea kifafa na wazimu, na mwaka 1866 akachapisha kitabu kusifu kazi yake. Wenzake walimfukuza kwenye chama chao mwaka uliofuata. Kule Marekani, Dakta Kellogg, yule wa cornflakes, alipendekeza kwenye kitabu chake Plain Facts for Old and Young wavulana watahiriwe bila dawa ya ganzi ili iwe adhabu, na wasichana wapakwe asidi ya kaboliki. Kwa hiyo wakati wamishenari wanabishana na Wakikuyu kuhusu kisu mwaka 1929, Ulaya na Marekani walikuwa na visu vyao kabatini, na sababu iliyoandikwa juu yake ilifanana sana na ile ya Kenyatta. Yule mzee na yule kijana wanabishana kama ni Afrika au ni mzungu. Kwa mwili wa mwanamke, hao wawili walikubaliana bila hata kuandikiana barua.

Sasa turudi nyumbani, maana Kenyatta aliandika kuhusu Wakikuyu na sisi si Wakikuyu. Robert na Barbara LeVine walikaa Gusii kati ya 1955 na 1957, na kitabu chao, Nyansongo, kilitoka 1966. Huko utakuta neno ambalo Mgusii yeyote analijua hata kama hana tafsiri yake: chinsoni. Ni aibu, lakini ni aibu yenye ramani. Inakuambia unaweza kuongea nini na nani. Baba na mwanawe hawataji mambo ya mwili mbele ya mwenzake. Kijana aliyetahiriwa anahamia esaiga, nyumba ya vijana, ili miili ya vizazi viwili isikutane. Lakini kati ya babu au bibi na mjukuu, utani unaruhusiwa, hata ule mchafu kidogo. Huo ni mpango mzuri kuliko kimya chetu cha sasa, kwa sababu ulimwachia kila mtoto angalau mtu mmoja wa kumuuliza.

Shida yangu na LeVine ni nyingine. Makala yake maarufu ya 1959 kuhusu Gusii inahusu makosa ya ngono na jinsi jamii inavyoyadhibiti. Anaona vita kati ya wanaume na wanawake, anaeleza utani wa matusi, mahari, usiku wa harusi. Ni kazi makini, na baadhi yake inauma kwa kuwa ya kweli. Lakini hapo pia mwili wa msichana unaonekana kupitia mlangoni tu: kama kitu kinachokataa, kinachokatwa, kinachoolewa. Matusi tunayajua. Msichana ambaye hajakatwa ni egesagane, na ukitaka kumvunja mwanamke mzima mbele za watu, hilo neno bado linafanya kazi. Kwamba huyo msichana anaweza kuwa na kitu chake mwenyewe, kisichomhusu mume wala ng'ombe, haimo.

Nilipelekwa Disemba, nikiwa na miaka minane. Hakukuwa na ngoma wala nyimbo za usiku. Kulikuwa na nesi, glavu, na soda baadaye. Shangazi yangu, ambaye ananipenda mpaka leo, alinifunga leso vizuri akaniambia, "Sasa mama, utatulia." Nilidhani anamaanisha nisiruke ruke mpaka kidonda kipone. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kwenye maktaba ya chuo nilichokuja kukiacha kwa sababu ya karo, nilipofika kwenye ule ukurasa wa Kenyatta na kuelewa neno "kutulia". Nilikuwa natafuta habari za ardhi kwa ajili ya insha.

Hapo ndipo mjadala wa "wa kale walikuwa huru au la" uliponiishia utamu. Ruhusa ya mvulana na kisu cha msichana havikuwa kwenye tamaduni mbili, moja nzuri na moja mbaya. Viko kwenye aya moja. Huwezi kuposti nusu. Ukisema "turudi kwa mababu" kuhusu punyeto, lazima useme unarudi kama nani.

Na kwetu hii si historia. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta asilimia 84 ya wanawake Wagusii wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati kitaifa ilikuwa asilimia 21. Uchunguzi wa 2022 umeishusha ya kitaifa hadi 15. Sheria ya 2011 imepiga marufuku. Makanisa, tena yale yale ninayoyalaumu kwa hofu, yanahubiri dhidi yake. Kampeni zinaongea kuhusu damu, maambukizi na uzazi, na ziko sawa. Lakini nesi ana glavu na sindano ya ganzi, kwa hiyo mzazi wa leo anajibu, "Si tumeenda hospitali?" Hoja ya afya imejibiwa kwa afya. Hoja ambayo hakuna anayeitaja jukwaani ni ile ya Kenyatta: kwamba kuna kitu kilichokatwa makusudi, na kitu hicho kilikuwa cha mtoto mwenyewe, wa kwanza kukijua na wa pekee wa kukiamua. Kuisema hiyo hoja lazima ukubali kwamba mwanamke anaweza kujigusa na dunia isianguke. Hapo wahubiri na wanakampeni wote wanakohoa.

Nina binamu wa miaka saba. Disemba iko karibu, na kwenye WhatsApp ya familia neno "mila" limeshaanza kuzunguka. Nilituma picha ya ukurasa. Baba mdogo, babake huyo mtoto, akajibu, "Hayo ni ya Wakikuyu." Wengine wakatuma emoji za maombi.

Magokoro hana simu ya WhatsApp wala hasomi Kiingereza. Wikendi iliyopita nilimtafsiria kwa Ekegusii, jikoni, tukichambua mboga. Mimi na yeye chinsoni inaturuhusu. Alicheka alipofika kwa wavulana. Alipofika kwa msichana aliacha kuchambua.

"Sisi tuliambiwa tusikae vibaya," akasema. "Hakuna aliyetuambia kisu kinatafuta nini." Kisha akauliza, "Huyo aliyeandika, alikuwa na binti?"

"Alikuwa naye, Magokoro."

"Na hakumuuliza."

Baba mdogo anakuja Jumapili kuleta unga. Chinsoni haimruhusu Magokoro kutaja jambo hili mbele ya mwanawe, wala mimi kulitaja mbele ya mtu ninayemwita baba. Nilimkumbusha hilo. Akaniambia nije na kitabu chenyewe, si picha ya simu, niketi karibu na mlango, nisome kwa sauti. Yeye atakuwa ananisikiliza tu nikisoma kitabu cha Rais.